Pahali pa Kumzika Profesa Emiliani

Vijana wawili walikuwa wamekwisha kuangusha migomba mitatu Tupokigwe alipowakuta shambani. Mmoja alikuwa akivuta kamba kutoka mparachichi mmoja hadi mwingine, na mwenzake ameegemea jembe akimsubiri. Pembeni, juu ya gogo, alikaa Mzee Yona katika koti lake la kanisani, fimbo katikati ya magoti, kama mtu aliyetumwa kwa shughuli rasmi.

"Mnafanya nini kwenye shamba langu?" Tupokigwe aliuliza. Hakuanza na salamu, na kwa mwanamke wa Kisondela kumkuta mzee na kuruka salamu si jambo dogo.

"Kwanza pole, mama Lusungu," Yona alisema. "Tumepata msiba. Profesa Emiliani amefariki jana huko Dar es Salaam. Mwili unafika Ijumaa."

Mkono wa Tupokigwe ulioshika mundu ulishuka. "Pole sana, baba. Mwalimu anajua?"

"Atajua. Sisi tumetangulia kupima kaburi."

"Kaburi la nani?"

"La marehemu."

"Hapa?"

"Sasa wapi, mama? Si shambani kwake?"

Tupokigwe aliitazama ile kamba. Ilikuwa imezunguka nafasi ya urefu wa mtu, katikati kabisa ya miparachichi arobaini ambayo yeye na mumewe waliipanda mche mmoja mmoja, na ambayo sasa ndiyo iliyokuwa ikimlipia binti yao Lusungu chuo cha uuguzi. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Katika milima hii watu hubishana juu ya mpaka miaka ishirini, lakini siku mtu anapozikwa mahali, ubishi umekwisha. Hakuna mwenyekiti wa kijiji atakayesimama juu ya kaburi aseme ardhi ile ni ya mwingine. Akavuka kamba, akaingia ndani ya ule mstatili, akakaa chini kwenye udongo uliolowa.

"Haya," alisema, "anzeni na mimi."

Yule kijana wa kamba akacheka, kisha akaona uso wa Yona, akaacha.

"Wewe mwanamke una wazimu."

"Ninao. Chimbeni."

* * *

Mumewe, Mwalimu Ambwene, alifika kwa bodaboda akiwa bado na chaki kwenye mkono wa shati. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuondoka darasani kabla ya kengele isipokuwa mara mbili: Lusungu alipozaliwa, na mama yake Ambwene alipofariki. Kwa hiyo alipofika alikuwa tayari amekwisha kuogopa. Alimkuta mkewe amekaa chini katikati ya kamba, vijana wanachezea simu zao, na Mzee Yona anapiga mswaki kwa kijiti.

"Ugonile, mwalimu," Yona alimsalimu.

"Ndaga, tata. Kuna nini?"

Wakamwambia. Wote wawili walimwambia kwa pamoja, Yona akianzia kwenye kifo na Tupokigwe akianzia kwenye kaburi, na Ambwene alisikia kaburi kabla ya kifo. Alipoelewa kwamba Emiliani hayupo tena duniani, alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na pahali pengine, akakaa kwenye gogo, ubavuni mwa Yona.

"Amekufa kwa nini?"

"Figo. Aliugua mwezi mzima."

Mwezi mzima, na hakuna aliyemwarifu. Alikuwa amemsoma mtu huyu tangu akiwa na miaka ishirini na moja, akakaa mstari wa mbele katika kila mhadhara wake pale chuo cha ualimu, akamwandikia barua ndefu, na mara nne akajibiwa. Alikuwa na vitabu vyake vyote saba, vimepangwa kwa mwaka wa kuchapishwa na kufunikwa kwa karatasi ya kaki.

"Mzee Yona," alisema taratibu, "shamba hili marehemu alimpa mama yangu. Mwaka themanini na tisa. Unajua."

"Najua mama yako alilima hapa. Kulima ni kulima, mwalimu. Mimi mwenyewe ninalima kwa mjomba wangu. Una karatasi?"

"Hatukuandikishana."

"Na mama yako mlimzika wapi?"

"Kyimo. Aliomba alale karibu na baba."

"Unaona basi." Yona akasimama, akajipangusa koti. "Kama pangekuwa pake, angelala hapa. Mimi sina ugomvi na wewe. Mwenye msiba ni Jackson, mtoto wa marehemu, yuko Lufingo nyumbani kwa ukoo tangu asubuhi. Kaongee naye. Ila mwambie mama Lusungu atoke, atapata homa."

"Sitoki," alisema Tupokigwe.

* * *

Alitoka jioni mvua ilipozidi, baada ya Ambwene kumwahidi kwamba kesho yake asubuhi atakwenda Lufingo. Wakakaa jikoni, Tupokigwe amejifunga kanga mbili, miguu karibu na mafiga.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Mtu ameandika vitabu saba. Saba! Juu ya ardhi, juu ya mkulima, juu ya nani anamnyonya nani. Nusu ukurasa wa kuandika kwamba mama yako Felista amempa shamba ulimshinda nini?"

"Hakuulizwa."

"Kwa nini hukumwuliza?"

Ambwene alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nyumba nzima ilijua alivyo. Stakabadhi za maji alizipanga mwezi kwa mwezi, vyeti vya kliniki vya Lusungu vilikuwa bado ndani ya bahasha, na mwanafunzi aliyepoteza kitambulisho cha shule aliandikishwa barua ya maelezo. Mtu wa namna hiyo alikuwa amelima ardhi miaka thelathini na sita bila hata kipande cha karatasi.

"Sisi vijana wake," alisema hatimaye, "hatungeweza kumwomba karatasi. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba karatasi ndiyo njia iliyotumiwa kuwanyang'anya watu ardhi. Alisema ardhi ni ya anayeilima, basi. Ningemwendea na kalamu na hati, angeniona sikuelewa kitu."

"Uliogopa asije akakuona mjinga."

"Ndiyo."

"Na Jackson wake je? Alisomea wapi?"

"Uingereza."

"Na wewe ulipopata ile nafasi ya chuo kikuu, ukaiacha kwa sababu profesa alisema mwalimu akae alipo mkulima." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma orodha. "Mimi sikulaumu, baba Lusungu, ulikaa, ukanioa. Lakini yeye hakukaa alipo mkulima. Alikaa Upanga, mjini Dar."

Kilichomchoma Ambwene zaidi kilikuwa ndani ya kitabu. Katika dibaji ya kitabu cha saba Emiliani alikuwa ameandika kwamba kurasa zile alizitunga "nikiwa shambani kwangu Kisondela, jembe likiwa bado na udongo". Ambwene aliisoma sentensi ile miaka kumi na miwili iliyopita, akajua wazi kwamba Emiliani hakuwahi kulala Kisondela tangu amzike mama yake mwenyewe, na akatabasamu kwa fahari kwamba shamba lao limetajwa kitabuni. Akaiacha ipite. Sasa sentensi hiyohiyo ilikuwa imeleta vijana na kamba.

"Usimsomee chochote hapo msibani," Tupokigwe alisema. "Watakuomba, wewe ndiye mwanafunzi wake. Waambie: andikeni kwanza, halafu nitasoma."

"Siwezi kufanya biashara juu ya maiti."

"Wao wanaweza."

* * *

Nyumbani kwa ukoo pale Lufingo palikuwa pamekwisha kutundikwa turubai, na wanawake walikuwa wakimenya ndizi kwenye beseni kubwa. Kijana aliyeshika daftari la rambirambi alimwuliza Ambwene jina lake mara mbili, akaandika "Mwl. Ambogo", kisha akamwonyesha kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, nyuma ya wageni kutoka mjini. Akakaa hapo saa moja na nusu. Watu waliofika baada yake waliitwa ndani, wakatoka, wakapewa chai. Yeye aliendelea kukunja na kukunjua kofia yake.

Hatimaye Jackson alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mabega ya baba yake na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na viatu vyake vyeusi vilikuwa vimejaa matope hadi kwenye kamba.

"Mwalimu Ambwene! Samahani sana, hawakuniambia uko hapa. Baba alikutaja mara nyingi." Akamkabidhi karatasi mbili zilizochapwa. "Wasifu. Familia imeona usome wewe. Hakuna mwingine anayestahili."

Ambwene aliupokea kwa mikono miwili. Macho yake, kwa mazoea ya kusahihisha, yaliukimbilia ukurasa wa pili, na hapo akakuta: "Hadi mwisho wa maisha yake marehemu alikuwa mkulima, akilima kwa mikono yake shamba lake la Kisondela."

"Jackson," alisema, "nimekuja kwa ajili ya shamba hilo."

Alieleza kwa utaratibu, tangu mwaka na mwezi, jinsi Emiliani alivyosimama mbele ya mlango wa Felista akamwambia, mbele ya watu, kwamba shamba sasa ni lake. Jackson alisikiliza. Hakukatiza hata mara moja, na hilo likafanya jibu lake liume zaidi.

"Mwalimu, mimi sikatai kwamba mmelitunza. Na mtaendelea kulima, sioni shida. Lakini baba aliniambia hospitalini: nizike Kisondela, shambani kwangu. Ni maneno yake ya mwisho yenye maana. Unataka nifanye nini? Una hati yoyote?"

"Sina."

"Barua?"

Watu wawili watatu waliokuwa karibu waligeuza vichwa. Ambwene alikuwa na barua nne nyumbani, juu ya ubeberu, juu ya mikopo ya mataifa, juu ya wajibu wa mwalimu. Hakuna iliyotaja shamba.

"Sina," alisema tena, na akasikia sauti yake ni ileile ya mtoto aliyesahau daftari.

"Basi huyo mwalimu akae chini, tuzungumze kikubwa," ilisema sauti kutoka kwenye mlango wa nyumba.

Alikuwa Generosa, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa miaka themanini na zaidi aliyekuwa akitembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Jackson alimwendea haraka, akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka, naye akamvuta Ambwene akae upande mwingine.

"Mtoto wa Felista," alisema. "Ndaga fijo, asante sana kwa kuja."

"Ndaga, juba," Ambwene alimjibu, kama anayemjibu mama yake mzazi.

"Shangazi," Jackson alianza, "tunaongelea tu suala la..."

"Nimesikia. Nimekuwa kiziwi wa sikio moja, hili lingine ni zima." Akamgeukia Ambwene. "Wewe unadhani Emiliani aliwapa lile shamba kwa nini?"

Ambwene alishangaa kuulizwa. "Kwa sababu aliamini ardhi ni ya anayeilima. Alikuwa anasema hivyo chuoni."

Generosa akatoa sauti fupi ya puani ambayo siku nyingine ingekuwa kicheko.

"Mama yetu aliugua pale Kisondela miaka miwili. Kiharusi. Mimi nilikuwa nimeolewa Tukuyu nina watoto sita. Emiliani alikuwa kwenye mikutano yake, leo Harare, kesho wapi. Aliyemlisha mama, akamwogesha, akafua yale mashuka asubuhi na jioni, ni Felista. Jirani tu. Hakuwa ndugu. Hakuomba hata sabuni. Hakukwambia?"

"Aliniambia alikuwa akimsaidia bibi."

"Kumsaidia!" Generosa alipiga mkeka kwa kiganja. "Tulipokwisha kumzika mama, Emiliani akaniambia: nitampa yule mama blanketi na sukari kilo tano. Mimi nikamwambia, Emiliani, huna aibu? Mtu anayehubiri dunia nzima juu ya jasho la mwanamke! Mpe shamba, nikasema, au mimi nitasimama kanisani Jumapili niseme. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda akampa, na kwa kuwa kulikuwa na watu, akahutubia."

Ambwene aliikumbuka hotuba hiyo. Alikuwa ameinakili kwenye daftari usiku ule, neno kwa neno kadiri alivyoweza, na kwa miaka mingi aliwasomea wanafunzi wake vipande vyake.

Jackson alikuwa ametazama chini, kwenye viatu vyake.

"Kwa hiyo baba aliniambia uongo?" aliuliza. "Pale hospitalini?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa amelisema kwa watu wa mjini mara nyingi, mpaka likawa kweli kichwani mwake. Alipenda kuwa na shamba. Kulima hakukuweza, hata utotoni alikuwa akijificha na kitabu chooni." Machozi yalikuwa yakimtoka tena, na alikuwa akicheka. "Nilimpenda kuliko wote. Lakini mzikeni hapa, Lufingo, ubavuni mwa mama. Miaka miwili ile hakukaa naye. Akakae naye sasa. Na wewe Yona," aliinua sauti bila kugeuka, maana alijua yuko wapi, "ulikuwepo siku ile, ulikula nyama, usijifanye umesahau."

Mzee Yona, aliyekuwa amesimama penye nguzo ya turubai, alikohoa. "Nilikuwepo," alisema. "Niliulizwa habari ya karatasi, sikuulizwa kama nilikuwepo."

* * *

Alhamisi asubuhi, kabla gari la msiba halijapita Mbeya, Jackson aliketi kwenye ofisi ya kijiji akaandika kwa mkono wake kwamba shamba la Kisondela ni mali ya warithi wa Felista. Alipokwama kwenye sentensi ya mipaka alimtazama Ambwene, na Ambwene akamsomea taratibu: kaskazini kijito, mashariki mstari wa masale ya mpaka, na kadhalika, mpaka nukta ya mwisho. Yona alitia sahihi. Generosa alibonyeza kidole gumba, kisha akasema wino wa siku hizi ni hafifu na akabonyeza tena. Tupokigwe alisimama mlangoni muda wote. Karatasi ilipogongwa muhuri aliipokea, akaisoma mara mbili, akamgeukia Jackson.

"Pole sana na msiba, mwanangu," alisema. "Tangu juzi sijakupa pole." Naye mchana ule akapeleka Lufingo mikungu miwili ya ndizi na kuni.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Ambwene alibaki mezani na ule wasifu. Aliitoa kalamu nyekundu, akairudisha, akachukua ya bluu. Alitaka kuwa na hasira, kwa kuwa ilionekana ndiyo stahili, akajaribu kuipata, lakini kila alipomtafuta Emiliani wa kumkasirikia alimkuta mtu aliyenuna siku mbili kisha akaenda. Wangapi wasingekwenda kabisa? Mama yake alikuwa amekula na kulisha watu kutoka shamba lile miaka ishirini na minane. Akafikiria mashuka. Mama yake hakuwahi kuyataja. Naye mwanawe, msomi wa jasho la mkulima, hakuwahi kuuliza. Kwa hilo alikuwa na deni kubwa kuliko la Emiliani. Akapiga mstari mmoja, ulionyooka, juu ya sentensi ya kulima kwa mikono yake, na pembeni akaandika sentensi nyingine.

* * *

Ijumaa mlima Rungwe haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Ambwene alisoma kwa sauti ile ya darasani inayofika nyuma bila kupazwa. Alisoma tarehe, shule, vyeo, vitabu saba. Alipofika ukurasa wa pili alisoma yale aliyoyaandika mwenyewe: kwamba mwaka 1989 marehemu alimkabidhi Felista shamba la Kisondela, kwa sababu Felista alimwuguza mama yake miaka miwili, na kwa sababu dada yake Generosa alimwambia afanye hivyo. Wanawake waliokuwa upande wa jiko wakaitikia kwa sauti ya chini. Generosa aliinua kichwa. Mchungaji alitazama programu yake, hakuliona hilo, akaikunja.

Wakati wa kufukia, wanaume walipokezana makoleo. Jackson hakutaka kutoa lake. Alitupa udongo haraka, bila mpangilio, mpaka Ambwene akamshika kiwiko.

"Nipe. Pumzika kidogo."

Jackson akaliachia. Alisimama akihema, kisha akauliza bila kumtazama, "Mwalimu, wewe ulimjua. Sisi nyumbani tulimwona usiku, au kwenye televisheni. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Ambwene alitupa makoleo mawili matatu ya udongo kabla ya kujibu.

"Mwaka wangu wa kwanza chuoni alitupatia insha tuandike. Nikakesha. Nikaandika kurasa kumi na nne, kila alichosema kwenye mihadhara nilikiweka humo, kwa mpangilio, na vichwa vya habari nimevipigia mstari kwa rula. Nilijua nitapata ishirini kati ya ishirini."

"Ukapata ngapi?"

"Tisa. Chini akaandika: 'Haya yote ni maneno yangu. Ya kwako yako wapi?'" Alisawazisha udongo kwa mgongo wa koleo. "Nilimchukia muhula mzima. Halafu nimefundisha miaka thelathini na sita, Jackson, na sijapata kumwuliza mtoto swali zuri kuliko hilo. Ninamshukuru. Nimechelewa tu kulijibu mwenyewe."

Jackson alikuwa ameanza kucheka, kimyakimya, mabega yakitikisika, hata baadhi ya watu wakadhani analia, wakamsogelea.

"Mimi nilipokuwa shule ya bweni nilimwandikia barua," alisema alipoweza. "Nikamwambia nimemkumbuka. Akanirudishia ileile, imesahihishwa kwa wino mwekundu."

"Makosa mangapi?"

"Kumi na moja. Lakini mwishoni aliandika kwamba na yeye amenikumbuka." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaacha alama ndefu shavuni. "Ninayo mpaka leo."

Akaokota koleo jingine lililokuwa limelala kwenye nyasi, akasimama upande wa pili wa kaburi, na wakaendelea kufukia.